Vibao Viwili vya Kushoto

Kazi yangu ni upepo. Nachora mabawa ya magari ya mashindano, yale yanayoligandamiza gari chini lisipae kwenye kona. Nilipoaga timu yangu na kusaini na wapinzani wao, mkataba ukanibana: mwaka mzima nikae nyumbani kwa mshahara, nisizungumze kazi na mtu wa timu yoyote, mpaka siri nilizobeba kichwani zichakae. Nikifungua mdomo tu, wapinzani hawaruhusiwi kuniajiri.

Raha, eti! Mama hajaelewa mpaka leo. "Mtu analipwa kwa kukaa? Mwanangu, kama umeiba niambie mapema, nitafute pa kujificha."

Nimepiga deki sebule mpaka vigae vimenichoka. Feni ya dari nimeizima kwa hasira, inapuliza hovyo. Na mdogo wangu, Kiberenge, tuliyempa jina hilo kwa kutotulia, ndiye dereva wa timu niliyoiacha. Akija kula tunaongea hali ya hewa, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Nammisi akiwa amekaa mbele yangu.

Jumamosi walikuwa wakifanya mazoezi, nami nimekodolea macho televisheni. Gari lake likapita polepole, bawa la nyuma limepakwa rangi ya kijani. Rangi hiyo hupakwa ikiwa mbichi, upepo ukaiburuta na kuonyesha unakopita. Kushoto mistari ilikuwa imenyooka. Kulia ilijikunja na kurundikana.

Nikasogelea kioo. Kila ncha ya bawa ina kibao chake, na vibao hivyo vinafanana kama pacha. Nilizoea kuvikagua mwenyewe kwa kidole kabla gari halijatoka. Sasa nani wa kuvikagua? Walikuwa wamefunga vibao viwili vya kushoto. Kwa mwendo wa polepole haina neno. Akikanyaga mafuta kwenye kona ndefu, bawa lingeachia na gari lingeishia ukutani.

Kiberenge mwenyewe hashiki simu akiwa garini. Nikampigia fundi mkuu wa timu yake.

"Dada, kata simu. Unajua hairuhusiwi."

"Kulia mmefunga kibao cha kushoto. Mrudisheni kabla hajakanyaga mafuta!"

Nikamsikia akipiga kelele, "Mwiteni! Arudi ndani sasa hivi!" Kwenye televisheni gari likapinda, likaingia gereji. Nikakaa sakafuni.

"Nitaulizwa nani kaniambia," akasema fundi, sauti imeshuka.

"Sema ni mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Kuna nini?"

"Nimefukuzwa kazi ambayo sijaianza."

Akanitazama, akatazama televisheni, akaona gari la mwanawe limeegeshwa salama. Akarudi jikoni bila kuuliza zaidi.

Jioni Kiberenge akapiga, furaha tele. Walikuwa bado hawajamwambia kwamba nilipiga simu. "Dada, leo gari limeshika barabara, acha tu! Mwakani ukiwa kwa wale jamaa, mtupige taratibu basi."

"Njoo ule," nikamwambia.

"Tuongee nini? Hali ya hewa tena?"

"Mabawa," nikasema. "Kuanzia leo tunaruhusiwa."