Spika Ililia Area 47

Kanisani kwao, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, spika haithubutu kulia Bisimwa akiwepo. Kipaza sauti kikianza tu kupiga mluzi, mkono wa fundi mitambo huyu umeshafika kwenye kitufe. Alijivunia jambo hilo, na tusimnyime haki yake.

Basi bintiye Douce alipomwambia kwamba Jumamosi atapiga muziki Lilongwe, kwenye ukumbi mdogo wa mtaa wa Area 47, mara yake ya kwanza mbele ya watu, Bisimwa alipiga pasi suti yake ya harusi na kuwaalika wanakwaya wenzake Douce wote.

Douce akapanda jukwaani bila gitaa, bila kinanda. Alishika kipaza sauti, akakisogeza taratibu mbele ya spika. Spika ikalia. Ikalia kwa ukali wa kutoboa masikio, na wanakwaya wakageuka kumtazama fundi wao. Bisimwa aliona haya mpaka uso ukamwaka moto. Mtoto anaaibika hivi na babaye ameketi tu! Akachomoka kitini, akaruka waya, akachomoa plagi ukutani.

Kimya. Kisha ukumbi ukapiga makofi, watu wakidhani naye ni sehemu ya onyesho. "Zikomo!" mtu akampazia sauti, yaani asante kwa Kichewa. Bisimwa akainama kushukuru, maskini, huku akitabasamu.

"Papa," Douce akamwambia chinichini kwa Kiswahili chao cha Kongo, "ile njo muziki yangu."

"Ile makelele?"

"Tangu niko mutoto, ku kanisa, ikilia kidogo tu, we unaizima mbio. Mi nilikuwa naipenda. Leo nilitaka ilie mpaka mwisho, na we uko pale unaisikia."

Bisimwa akarudisha plagi. Lakini mwenye ukumbi alikwisha kumwita mpigaji mwingine, na Douce alikuwa anakunja waya zake bila kumtazama mtu. Suti ikambana ghafla. Alitamani ardhi ipasuke immeze na tai yake.

Jumapili Douce hakuja kanisani. Katikati ya mahubiri, spika ikalia. Mkono wa Bisimwa ukafika kwenye kitufe, ukakaa hapo. Alitazama benchi la kwaya, mahali pa binti yake pakiwa wazi. Mchungaji akanyamaza, watu wakaziba masikio.

"Papa Douce! Papa Douce, zima ile kitu!"

Aibu ikampanda tena, na yeye akaiacha spika ilie.