Waliozaliwa Tarehe Moja Januari

Katungu alisimama mbele ya dirisha la halmashauri akiwa bado na sare ya nyumba ya wazee kule Rooty Hill anakofanya kazi, doa la uji kifuani. Mguu mmoja haukutulia. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Saa kumi na moja dirisha lingefungwa, na ombi lisilopokelewa leo lingengoja miaka minne.

Alitaka jambo moja tu: kata yao ivuliwe jina la Haldane. Mzee Haldane alitoa kiwanja cha michezo, akatunukiwa kata nzima. Katika ghala lake, rafu iliyolegea ilimwangukia Lazare, mume wa Katungu, na uchunguzi ukasema marehemu hakuwa makini. Jina hilohilo la kata limebandikwa kwenye pipa la taka mlangoni kwake. Sheria ilidai saini mia tano za wapigakura wa kata, kila saini na jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Miezi minne alibisha milango kila atokapo zamu, mbwa wakamkimbiza mara mbili, akapata mia tano thelathini na nane.

Shirleen, karani wa dirishani, alirudi na karatasi zilizopigwa mistari myekundu. Alikuwa mpole, na upole huo ndio uliomtia Katungu hofu.

"Tumeondoa tisini na saba, zimebaki mia nne arobaini na moja," alisema. "Wote wamezaliwa tarehe moja Januari."

"Ndiyo. Hata mimi."

"Mfumo unaona kama mtu mmoja amewajazia."

Katungu akaeleza. Katika kambi ya wakimbizi, asiye na cheti aliandikiwa tarehe moja Januari na afisa mwenye haraka zake. Ndiyo iliyoingia kwenye viza ya kuja huku, kwenye uraia, kwenye daftari la wapigakura. Alimkumbuka jirani yake Aline, kalamu mkononi, akiuliza: "Mama Katungu, niandike gani? Ile mama alinizaa, ao ile ya ku papier?" Naye akamjibu: "Ya ku papier. Tufate sheria, basitupate na kosa." Aline alizaliwa msimu wa kuvuna maharage. Angeandika hivyo badala ya tarehe ya kwenye karatasi, wangemkata vilevile.

"Linganisheni na daftari lenu," Katungu alisema.

"Zinalingana," Shirleen akakubali. "Lakini tarehe moja ikijirudia zaidi ya mara ishirini, utaratibu unataka vyeti halisi vya kuzaliwa."

"Nyumba ziliungua. Vyeti vitoke wapi?"

"Pole sana." Alisema kwa dhati, hilo tusimnyime.

Katungu alifungua mkoba akatoa kadi yenye picha ya keki. Kata ya Haldane inakutakia heri ya siku yako ya kuzaliwa. Ilifika Januari, kwake, kwa Aline na kwa wale wengine wote.

"Hapa mlijua nimezaliwa lini?"

Shirleen aliitazama mbele, akaigeuza nyuma. "Kadi hutumwa na idara nyingine," alisema, akamrudishia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Wahenga hawakujua kwamba haki nayo ina fomu. Katungu alisukumiwa fomu ya malalamiko. Akaandika jina. Mstari wa pili uliuliza tarehe ya kuzaliwa, na kalamu ikakwama hapo mpaka dirisha likashushwa.

Alipofika nyumbani, Aline alikuwa akianua nguo upande wa pili wa uzio. "Mama Katungu, balikubali?"

Katungu alilishika pipa lake. Kesho ilikuwa siku ya taka, akalisukuma pipa hadi kando ya barabara na kuligeuza, jina likaelekea ukutani. Akaondoka hatua tatu. Kisha akakumbuka kwamba mara ya mwisho alipofanya hivyo, gari la taka lilipita bila kusimama na kumwachia karatasi ya onyo: pipa liangalie barabara. Akarudi, akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza. HALDANE, barabara nzima ipate kusoma.