Begi Alilofunga Jiwe

Walimwita Jiwe tangu enzi za miavuli ya duara ya kurukia kutoka ndegeni, ile mizito ya kijeshi iliyomshusha mtu kwa mwendo wa mfuko wa saruji. Wenzake walisema yeye hashuki, anaangushwa. Mara ya kwanza alivunjika kifundo cha mguu, mara ya pili goti. Daktari alipomwambia goti lile likivunjika tena atatembelea gongo, alivua helmeti akahamia kwenye banda la kukunjia. Humo alikunja na kufunga miavuli ya watu wengine hadi kichwa kikawa cheupe, na kila siku alirudi nyumbani akala, akalala, akakoroma. Hofu aliisikia kwa wengine tu. Yeye ilimpata asubuhi binti yake wa mwisho alipoingia bandani amevaa ovaroli ya kurukia.

Kitinda hakuwa mtoto wa kushikwa mkono. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi maghorofa, akining'inia kwenye kamba na ndoo kiunoni, na mafunzo ya kuruka alikuwa ameyamaliza kimyakimya kabla ya mtu yeyote nyumbani kunusa jambo. Siku aliposema ataruka, mama yake alitua sahani mezani, akamgeukia mumewe, si binti.

"Wewe ndiye uliyemjaza huo upepo," alisema. "Nenda ukamtoe wewe. Usiporudi naye mzima, usirudi."

Jiwe alijaribu kukataza, binti akacheka. Alijaribu kugoma, akasema hatalifunga begi lake la mwavuli. Binti akajibu kwamba basi atafungiwa na yule kijana anayekunja huku muziki umejaa masikioni. Hilo lilimkata maini. Alilichukua begi mwenyewe, akabaki na silaha moja tu, ulimi. Alijiambia atamsimulia yote aliyoyaona juu kule, yale ambayo miaka yote aliyaficha pale mezani, mpaka binti avue ovaroli kwa mikono yake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba banda lile lilikuwa na sheria, na sheria ni ya Jiwe mwenyewe. Aliyepiga magoti haongeleshwi. Mtu akishatandaza mwavuli kwenye zulia na kuanza kukunja, hasalimiwi, haulizwi kitu, na yeye mwenyewe hafungui mdomo. Akikatizwa, anafumua kila kitu na kuanza upya. Jiwe aliwahi kumtoa mwenye uwanja nje kwa kumrushia kiatu, kisa alikuja kuuliza ufunguo wa choo.

Asubuhi ile Jiwe alipiga magoti, akaanza kuzinyoosha kamba, na akaanza kuongea.

Wale wawili waliokuwa wakikunja upande wa pili walitazamana. Nani angemkanya Jiwe kwa sheria ya Jiwe?

Alimwambia binti yake kwamba siku zao vifaa vilikuwa balaa tupu. Mwavuli mkuu mgongoni, wa akiba tumboni, mtu anatembea kama mjamzito wa miezi tisa na vidole vyake vya miguu havioni. Kamba zilibanwa kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli walivyokata wenyewe kwa mkasi. Kipande kikiwa kinene, kamba haichomoki. Kikiwa chembamba, zinachomoka zote kwa pamoja. Walikuwa wanajua kipi ni kipi wakishafika hewani.

Kitinda alichuchumaa mbele yake, mikono imefumbata magoti, anasikiliza kama mtu anayesimuliwa harusi.

Basi Jiwe akaongeza moto. Alimsimulia Mhasibu, mtu mpole, tai shingoni, aliyekuwa akitapika ndani ya ndege kila safari na kuomba radhi kwa kila mmoja kabla ya kuruka. Siku moja hakutapika. Alikaa kimya anatabasamu, mlango ukafunguliwa, akaushika ukingo kwa mikono miwili na hakuuachia tena. Ilibidi ndege itue naye vile vile, vidole vimekauka kwenye chuma. Hakurudi uwanjani. Miaka baadaye Jiwe alimkuta dukani akachangamka kumsalimia, na Mhasibu akaiacha bidhaa yake kwenye kaunta, akatoka.

"Maskini," binti alisema. "Lakini mimi sijawahi kutapika."

Mikono ya Jiwe ilikuwa ikiendelea, inakunja kushoto, inakunja kulia, inasukuma hewa nje kwa kiganja. Miaka mingi ilikuwa ikifanya hivyo bila kumwuliza. Ndipo akamtoa Pacha, ambaye hakuwahi kumtaja nyumbani hata siku moja.

Hawakuwa pacha wa damu. Walinunua viatu vya aina moja siku moja, wakapewa jina. Waliruka bega kwa bega, na aliyetangulia chini alimsubiri mwenzake ndipo wacheke. Siku ile Jiwe alikuwa ametangulia. Alitazama juu akaona mwavuli wa Pacha umefunguka upande mmoja tu, unazunguka. Dawa yake ni kuuachia huo ndipo uvute wa akiba. Pacha aliujua utaratibu huo kuliko mtu yeyote, aliwafundisha wengine. Lakini hakuuachia. Alivuta wa akiba, nao ukapanda ukajisokota kwenye ule wa kwanza.

"Kama shuka mbili zinapokamuliwa," Jiwe alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Namna hiyo hiyo. Na alikuwa ananiita. Haiti msaada, ananiita mimi. Mpaka karibu kabisa na chini alikuwa ananiita."

Jiwe aliinamisha kichwa, akapitisha pini, akafunika kifuniko chake. Begi lilikuwa limefungwa, dogo, gumu, safi kama mto mpya. Alilitazama kwa mshangao kidogo, kana kwamba limeletwa na mtu.

Nje injini ya ndege ilikohoa ikawaka. Mkufunzi akaingia, mwanamke mrefu mwembamba waliyemwita Rula, akasema ndege inajaa, anayeruka asogee. Kitinda akasimama. Alikuwa amepauka, lakini ovaroli ilikuwa bado mwilini. Akanyoosha mikono kulipokea begi na kuuliza swali ambalo kila mrukaji pale humwuliza aliyemfungia, na ambalo bila jibu lake begi halitoki bandani.

"Unavaa?"

Maana yake ni kwamba, wewe uliyelifunga, ungelivaa sasa hivi ukaruke nalo? Jibu ni neno moja. Jiwe alikuwa amelitamka kwa watu wa kila aina, wanaharusi, askari, bibi mmoja mwenye meno ya bandia, na halikuwahi kumpa shida.

Alifungua mdomo. Neno halikuja.

Kuna kitambaa cha mraba kwenye kila mwavuli, mafundi hukiita kizuizi. Kamba zote hupita kwenye pete za pembe zake. Wakati wa kukunja lazima kisukumwe juu kabisa mpaka kiguse mwavuli, ili hewani kishuke taratibu na mwavuli ujae kidogo kidogo. Kikiachwa chini, mwavuli hulipuka wote mara moja na mrukaji husimamishwa ghafla angali katika kasi. Shingo haivumilii jambo hilo. Kukisukuma juu ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Jiwe alitafuta kichwani wakati alipokisukuma. Akakuta Mhasibu na mlango wa ndege. Akatafuta mbele kidogo, akakuta Pacha. Kizuizi hakukiona mahali popote. Kijasho chembamba kikamtoka nyuma ya masikio.

"Subiri," alisema. "Sina uhakika na hili begi."

Kitinda akaishusha mikono polepole. Kisha akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Aa, baba. Umeona Pacha hakutosha?"

"Sikutanii, Kitinda."

"Tangu nimeingia unanitisha. Tairi la baiskeli, mara mtu kakwama mlangoni, mara maiti inakuita. Nimenyamaza kwa heshima. Sasa begi umelifunga mwenyewe, mbele yangu, halafu eti huna uhakika?" Aliangalia wale wawili wa upande wa pili. "Nyie mlishasikia Mzee Jiwe hana uhakika?"

Mmoja akajibu kwamba labda uzee umebisha hodi. Mwingine akasema uzee gani, huyo katumwa na mama watoto. Wakacheka chini chini. Jiwe alisikia masikio yakimwaka. Angeapa, lakini ataapa nini? Kila alichokisema tangu asubuhi alikisema ili kumzuia, na sasa neno pekee la kweli lilikuwa limevaa nguo zilezile za uongo. Binti alikuwa ameshalinyakua begi na kuingiza mkono mmoja kwenye mkanda. Begi la mwili mwembamba kama wake lilikuwa hilo moja tu.

Rula hakucheka. Alimshika Kitinda bega, akainama mpaka uso wake ukakaribiana na wa Jiwe.

"Mzee, nijibu vizuri, ndege inakula mafuta. Hofu uliyonayo ni ya fundi au ya baba? Ikiwa ni ya baba, pole sana, lakini mtoto ni mtu mzima, anaondoka. Ikiwa ni ya fundi, hatoki hapa."

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia. Hakujua. Hofu ilikuwa naye tangu alfajiri, na hakuweza kutenga ya baba na ya fundi. Huenda begi lilikuwa zima kabisa, mikono ikawa imefanya kazi yake huku mdomo ukipiga domo. Akilifumua likakutwa zima, basi: atakuwa mzee mwongo mbele ya banda zima, na binti hatamwamini tena hata akimwambia nyumba inaungua. Na asipolifumua?

Alilivuta begi kutoka kwenye bega la binti yake. Kitinda alilishikilia. Kwa muda walivutana kama watoto wawili na mdoli, kisha binti akaachia.

Jiwe akachomoa pini. Akautoa mfuko wa ndani, akafungua kamba moja baada ya nyingine, akauvuta mwavuli polepole ili asivuruge chochote. Wale wawili walikuwa wameacha kazi yao. Kitambaa kilitoka, tabaka juu ya tabaka, mpaka pale kamba zinapokutana na mwavuli.

Kizuizi hakikuwa pale. Kilikuwa chini, mbali na mahali pake kwa urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, kimekunjwa vizuri kabisa, kwa unadhifu wa Jiwe.

Hakuna aliyefanya mzaha. Rula aliangalia, akatoka mlangoni akampungia rubani aondoke na wengine. Injini ikapanda, ikaenda, ikafifia. Jiwe alibaki amepiga magoti, kitambaa kiko mikononi.

"Ningekuua," alisema. "Mimi. Siyo tairi la baiskeli."

Kitinda alikaa chini. Alikuwa akikitazama kizuizi, na kwenye uso wake Jiwe aliona kile alichokitafuta asubuhi nzima. Midomo imekauka. Mkono mmoja umeshika shingo bila yeye kujua. Alikuwa ameogopa hatimaye, ameogopa mpaka kwenye mifupa.

"Ndege ya pili inaondoka hii ikirudi," Rula alisema kutoka mlangoni. "Kwa anayetaka."

Kitinda akamtazama baba yake. Alikuwa anasubiri, na Jiwe alijua anasubiri nini. Neno moja tu lilitosha. Twende nyumbani. Binti angesimama, wangepanda basi, mama yake angewafungulia mlango, na mwezi mzima wangekula bila mtu kutaja ndege. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Akaona mkono ule shingoni. Akamwona Mhasibu akiiacha bidhaa yake kwenye kaunta. Akajua binti akirudi nyumbani na hofu hiyo haitamtoka tena, akalimeza neno.

Alitandaza mwavuli upya.

Alipopiga magoti banda likanyamaza. Alinyoosha kamba moja moja. Alipofika kwenye kizuizi alikisukuma juu mpaka kikagota, akashika kila pete kwa kidole, akarudia. Kila mkunjo aliukunja kana kwamba hajawahi kukunja kitu maishani, na kwa kweli hajawahi namna ile, kwa sababu kila mkunjo ulikuwa na uso wa binti yake. Jasho lilidondoka likaacha doa kwenye zulia. Kitinda alikuwa upande wa pili, karibu kiasi kwamba Jiwe alisikia pumzi zake, fupi fupi, za mtu anayetaka kuzungumza. Hakuzungumza.

Pini ikapita. Kifuniko kikafungwa. Jiwe aliinuka kwa kushikilia meza.

Binti aliyanyanyua macho. Kama angeondoka pale bila kuuliza, hakuna ambaye angemlaumu.

"Unavaa?" Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto.

"Navaa."

Akamvisha mwenyewe, mkanda baada ya mkanda. Alisikia moyo wa binti ukidunda kupitia ovaroli, kasi, kama kifaranga kiganjani.

Ndege ilipopanda, Jiwe alitoka nje hadi kwenye majani ya uwanja. Jua lilimchoma machoni. Aliisikia injini ikipunguzwa, ishara kwamba mlango umefunguliwa, na hapo shingo yake ikakataa kuinuka. Alitazama viatu vyake. Vinywa vya watu wote uwanjani vilikuwa wazi kuelekea juu, naye alitazama viatu. Akasikia kimya ambacho hakikuwa na mwisho, kimya cha mtu anayeanguka mahali ambapo huwezi kumfikia hata ukifa.

Kisha, kutoka mbali sana, mlio wa kitambaa kikijaa upepo. Si kishindo. Mlio mrefu, wa taratibu, kama shuka inayokung'utwa na mtu asiye na haraka.

Akakaa kwenye majani. Alipothubutu kutazama, alimwona, kidoa kimening'inia chini ya mwavuli mzima, kinageuka kushoto, kinageuka kulia.

Kitinda alitua kwa makalio, akaburuzwa kidogo, akasimama. Alikuja akitembea na kitambaa chote amekikumbatia, kamba zinaburuta nyuma yake, uso umelowa machozi na kamasi, anacheka na meno yanagongana. Aliumwaga mwavuli wote mapajani mwa baba yake, akambusu utosini, akanong'ona kwamba kule juu aliogopa mpaka akasahau jina lake.

"Rula amesema ndege inarudi tena jioni," alisema.

Jiwe aliukusanya mwavuli, akasimama kwa shida, akaelekea bandani. Binti alimfuata akimweleza mawingu. Mlangoni Jiwe aligeuka, akaweka kidole mdomoni, akaingia, akapiga magoti.