Garimoshi Lisilopita Msiba

"Ferista, mukwai, hivi garimoshi lisilo na reli linasimamaje?"

Aliyemwuliza hivyo ni jirani yake Marita, alfajiri moja ya baridi, akiwa upande wa pili wa ua na mtungi kichwani. Marita aliishi miaka mingi ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, mumewe alikokuwa na kazi, na huko alipanda magarimoshi ya kawaida, yale yenye reli chini na dereva juu. Aliporudi nyumbani alirudi na masufuria ya bati na hilo neno lake la mukwai, la kuheshimu watu, ambalo hakuliacha mpaka uzeeni.

Ferista alikuwa akifukia moto kwa majivu ili udumu hadi jioni. Alifunga viazi vya jana kwenye pindo la kaniki yake ndipo akajibu.

"Linasimama kama ng'ombe. Linashusha pumzi, linasimama."

"Haya, basi," Marita akasema, akaenda zake mtoni.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miaka michache baada ya vita kwisha, wapima wa serikali walikuja wakapigilia vigingi vyeupe kuanzia mpakani Tunduma, katikati ya mahindi na viwanja vya watu, mpaka ng'ambo ya mto Mlowo. Walisema reli itapita hapo. Wenye nyumba kwenye mstari wakahama, wapima nao wakaondoka, na reli haikuletwa. Kilichokuja ni garimoshi. Lilianza msimu wa ukungu, kila alfajiri isipokuwa Jumapili, likifuata vigingi. Lilikuwa jeusi, na nyuma yake mabehewa ya mbao yenye mabenchi. Nyasi zililala lilipopita, kisha zikainuka. Chumbani kwa dereva palikuwa na kiti, na mgongoni mwa kiti koti limetundikwa. Dereva hakuwapo.

Wazee walikwenda bomani kuuliza. Karani alipekua makaratasi yake, akawaambia kwamba garimoshi hilo halimo katika makisio ya mwaka, hivyo serikali haiwezi kulitozea nauli wala kulizuia. Wazee waliona jibu linatosha. Watu wakaanza kulipanda.

Waliolipanda zaidi ni wafanyakazi wa shamba la kahawa la mzungu mmoja waliyemwita Bwana Kiko. Reli pekee iliyokuwapo Mbozi nzima ilikuwa pale shambani kwake: kipande kimoja kimening'inizwa mtini, kikigongwa kwa nyundo kila asubuhi. Kikigongwa hujaingia, lango linafungwa.

Ferista alikuwa mchambua kahawa. Kazi yenyewe hakuwa na shida nayo sana, maana kishamba chake cha mahindi kilimtosha, naye alizoea kuishi kwa kidogo. Alichokitaka ni lango. Yonasi, mumewe, alifia mle shambani kwa homa, msimu walipokuwa wakipanda miche, akazikwa siku ileile kando ya kijito kabla habari hazijamfikia mkewe. Matanga hayakukaliwa. Bwana Kiko alisema miche haingoji, watu wakarudi kwenye mashimo yao. Ferista alipofika alionyeshwa kifusi cha udongo, na mistari ya miche inakikaribia.

Kupita lango lile ni mpaka uwe mfanyakazi. Basi akaomba kazi, akapewa. Kila mchana, wenzake walipokula, yeye alishuka kijitoni, akang'oa magugu juu ya kaburi, akasali kidogo, akarudi kwenye magunia. Alijua kwamba asipofanya hivyo, majembe ya palizi yatapita juu, na ikinyesha mvua moja nzuri hakuna atakayejua Yonasi yuko mstari gani.

Kwa muda mrefu garimoshi halikuwa na taabu. Taabu ilianza alipofariki mke wa mzee Jairo. Asubuhi ile lilifika mbele ya nyumba ya Jairo, likashusha pumzi, likasimama.

"Makaa yamekwisha?" aliuliza Kefa, kijana mkata matawi, ambaye hakukosa la kusema hata mara moja.

Bibi Ketrina, aliyekuwa mkubwa wao wote, alichungulia dirishani. "Makaa gani? Husikii vilio? Wewe ungepita msiba hivihivi kama mbwa?"

Walishuka. Waliingia, wakakaa kidogo na wafiwa, kila mmoja akatoa pole yake kwa mkono wake, wakarudi kwenye mabenchi. Wa mwisho alipopanda, garimoshi likaondoka. Walifika shambani lango limefungwa, wakarudi nyumbani kwa miguu.

Hakuna aliyelilaumu garimoshi. Lilifanya ambavyo mtu yeyote mwenye wazazi angefanya. Lakini mwaka ule kifaduro kilishuka toka milimani kikaingia nyumba hadi nyumba, na misiba ikawa kama magugu. Garimoshi lilisimama kote. Watu walijaribu kutembea kwa miguu, wakaona ni vibaya zaidi, kwa sababu njia ni ileile, nyumba ni zilezile, na mtembea kwa miguu haachiliwi mpaka aonje uji. Walijaribu kuamka mapema. Garimoshi halikubadili saa yake. Kina mama walianza kuchukua kazi za mikono, wakasuka mikeka mabehewani. Wengine walifanya mazoezi ya kwaya, na misibani wakaimba nyimbo walizozikamilisha njiani.

Siku moja Kefa alijificha chini ya benchi, asishuke. Garimoshi lilikaa palepale mpaka ukungu ukaanza kupanda. Bibi Ketrina akarudi, akamvuta mguu.

"Mama, niache. Marehemu hakunipenda."

"Na wewe nani anakupenda? Mbona tutakuja kukuzika vilevile? Shuka!"

Alishuka, akatoa pole, wakaenda.

Ferista alikuwa mtu wa sala. Usiku mmoja alijikuta anamwomba Mungu kwamba, kama watu hawana budi kufa, basi wafe ng'ambo ya shamba, sio upande huu. Alipomaliza aliisikia sala yake mwenyewe jinsi ilivyo, akatubu, akalala bila kupata usingizi.

Nyapara wa shamba alikuwa Osea, mtoto wa baba mdogo wa Yonasi. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga lango. Alimwita Ferista pembeni.

"Shemeji, Bwana amechoka. Amesema wewe ukichelewa tena jina linafutwa. Mimi sina la kufanya."

"Kulikuwa na msiba, shemeji."

"Kila siku msiba?"

"Kila siku. Hukai nchi hii?"

Osea alitazama funguo zake. "Mimi nimekufikishia," akasema.

Siku iliyofuata hapakuwa na msiba njia nzima. Nyumba zote zilitoa moshi wa kupika, watoto walipunga mikono. Garimoshi halikupunguza mwendo hata mara moja. Walivuka Mlowo bado kuna kiza, na kina mama wakaanza kuimba kwa furaha ya kuwahi. Ferista aliimba nao. Alihesabu moyoni kwamba mchana atakuwa na nafasi ya kupanda maua kwenye kaburi, maana alikuwa na mbegu alizopewa na mke wa mchungaji.

Karibu na shamba garimoshi liliviacha vigingi. Lilipita katikati ya waya wa ua, na waya haukukatika. Likakata katikati ya kahawa, matawi yakajikunja na kujinyosha nyuma yake. Likateremka mpaka kijitoni, likashusha pumzi, likasimama kando ya kaburi la Yonasi.

Mle ndani watu wakachungulia madirishani. Kisha Bibi Ketrina akajifunga shuka yake kiunoni.

"Tushukeni," akasema.

Kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kuingia, walimkalisha Ferista chini, kichwani pa kaburi, wakamtandikia mmoja wa mikeka waliyoisuka njiani. Wanawake wakakaa, wanaume wakasimama na kofia mikononi. Mmoja mmoja walipita mbele yake. Kefa alipofika zamu yake alikosa utani.

"Pole, dada," akasema. "Tumechelewa kuja."

Kule juu kile kipande cha reli kikagongwa. Kikagongwa tena. Hakuna aliyeinuka, kwa maana wa mwisho alikuwa hajatoa pole, na alipotoa, na wote wakarudi mabehewani, garimoshi halikuondoka. Wakatazamana. Bibi Ketrina alitoa kichwa nje, akawaona wawili wanateremka kati ya miti ya kahawa.

"Bado wale," akasema. Wakashuka tena wakangoja.

Bwana Kiko alitangulia, Osea nyuma yake. Bwana alilitazama garimoshi tangu mbele hadi nyuma. Lilikuwa limeziba njia ya kupitishia kahawa kwenda mtamboni.

"Nani nakufa?" aliuliza.

"Yonasi, Bwana," akajibu Bibi Ketrina.

Bwana akamgeukia Osea, Osea akasema, "Yule wa mwaka wa miche, Bwana."

"Huyu nakufa zamani," Bwana Kiko akasema. "Zamani sana. Haya, kazi!"

Hawakuondoka. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Bwana Kiko akavua kofia, na garimoshi likavuta pumzi ndefu, magurudumu yakasogea kidogo. Akafuta jasho kwenye upara, akaivaa tena. Magurudumu yakatulia.

Ulikuwa msimu wa mavuno na Bwana hakuweza kufukuza watu wote. Alifuta jina la mwenye msiba tu. Ferista alisindikizwa hadi langoni, akiwa na mkeka kwapani. Garimoshi lilibaki.

Walilifungia ng'ombe wa plau wakalivuta, halikwenda. Walilimwagia maji, wakalipigia kelele. Mwisho waliliacha, wakakata njia nyingine ya kahawa kuzunguka mkia wake. Wafanyakazi walirudia kutembea kwa miguu, na kwa kuwa ni kwa miguu, waliingia misibani, na kwa kuwa waliingia misibani, walichelewa. Jioni Ferista aliwaona wakipita nje ya ua wake na miguu yenye vumbi. Bibi Ketrina alikuwa akichechemea. Hakuna aliyemwambia neno baya, lakini hawakusimama kuongea kama zamani.

Jumapili moja baada ya ibada, Osea alikuja nyumbani kwake. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alikataa kigoda, akasimama karibu na mlango.

"Hamjambo hapa, shemeji?"

"Hatujambo. Magugu je?"

"Yamefika kiunoni." Akakohoa. "Kesho palizi inaingia mstari wa kijitoni. Ndiyo maana nimekuja. Bwana amefikiri. Ukisema matanga yamekwisha, lile dude likaondoka, kesho asubuhi unaingia langoni na jina lako linarudi. Palizi nitaianzishia upande mwingine, wewe utapata nafasi ya kuweka mawe kaburini."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, litakaa. Bwana keshazoea. Juzi ameweka magunia kwenye behewa la nyuma, anasema halivuji. Lakini palizi haitakungoja."

Ferista aliyafikiria majembe. Alimfikiria Bibi Ketrina na mguu wake. Kisha akaingia chumbani, akatoka na mkeka, akautandika katikati ya nyumba, akakaa.

"Shemeji," akasema, "matanga hayaanuliwi na mjane. Unajua. Yanaanuliwa na ndugu wa marehemu, na ndugu ni wewe. Bwana wako simtaki, mwache na kofia yake. Kaa hapa, nipe pole, useme Yonasi amekwisha kuliliwa. Nafikiri litatuelewa. Litaondoka."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Osea aliizungusha kofia yake mikononi. "Unaona ni neno dogo, shemeji. Nikikaa kwa Yonasi, wale wengine nitawaachaje?"

"Wengine wepi?"

"Wa kijitoni. Ulidhani homa ile ilimchagua yeye peke yake? Tangu darajani mpaka kwenye mtambo, wamelala kila baada ya mti na mti. Wengine walitoka Momba, wengine ng'ambo huko, hata majina yao sikuyashika vizuri. Mimi ndiye niliyewafukia. Nikianza kutoa pole, kahawa itachumwa lini?"

Nje kuku walikuwa wakiparua kwenye majivu. Ferista alimtazama. Uso wake ulifanana na wa Yonasi, hasa paji.

"Basi anza na huyu mmoja," akasema, akasogea ukingoni mwa mkeka, akamwachia nafasi.

Osea aliutazama mkeka. Aliitazama ile nafasi, akalegeza kamba ya kiatu kimoja kama mtu anayetaka kuvua. Kisha akaikaza tena, akavaa kofia yake mlemle ndani ya nyumba, akainama kwenye mlango, akatoka.