Cherehani na Mkoromo

Nimechoka, jamani. Vita vimenichosha, na mume wangu kanichosha zaidi. Fundi bomba mzima katoka nje na tochi kwenda msalani, ndege zikapita, zikalipua daraja, basi wakasema yeye ndiye aliyeziashiria! Tochi yenyewe haiwaki mpaka uipige kofi. Nani akusikilize? Amri ikatoka: akionekana tu, risasi.

Akakimbilia porini. Leo alfajiri karuka ukuta, viatu vimekwisha soli. Hata uji hakuumaliza. Akapanda darini, akalala.

Mchana koplo akagonga mlango.

"Mama, mumeo yuko wapi?"

"Afande, si ninyi mnaomtafuta? Niambieni mimi."

Akapekua chumbani, akainama uvunguni. Dari hakuitazama. Akarudi sebuleni, akajitupa kitini, bunduki mapajani, macho mekundu.

"Siku za mwizi arobaini," akasema.

"Na za asiyeiba je?"

Hapo ndipo nikasikia juu ya kichwa chake: khoooo. Loo! Yule bwana anakoroma! Usingizi hauna adabu. Nikavuta gwanda la jeshi nililokuwa nashona, nikakanyaga cherehani kama mwendawazimu. Uzi ukakatika, nikaendelea hivyo hivyo. Nikipunguza mwendo tu, khoooo. Nikaanza kumtukana mume wangu kwa sauti ya juu, na wala sikuwa naigiza. Mwanamume gani huyu, hata kujificha hajui!

Mwishowe msuli wa mguu ukanibana. Cherehani ikanyamaza. Juu hakukunyamaza.

Koplo akatazama dari. Akatazama gwanda lililotobolewa na sindano isiyo na uzi. Nikafumba macho nikisubiri. Nikasikia kiti kikilia, akainuka taratibu kama mzee.

"Mgeuze kiubavu, mama," akasema. "Mimi mke wangu hunigeuza hivyo, natulia." Akafika mlangoni, akasimama. "Kesho asubuhi ni zamu ya mwenzangu. Yule hana msamaha."

Akaenda zake.

Nikapanda darini kumwamsha akimbie. Nikamkuta mdomo wazi, kakumbatia kiatu kimoja, nyayo zimepasuka zote. Nikamshika bega. Sikuweza, jamani. Mume wangu huyu, sijui kama nitamwona tena amelala.

Nikamgeuza kiubavu, nikashuka. Bado anakoroma. Giza likiingia nitamwamsha. Kwa sasa nimetunga uzi, nakanyaga.