Kokoto za Ijumaa

Kokoto nilizileta mimi mwenyewe, Mwalimu Kobia, na nilizionea fahari. Kila Ijumaa asubuhi, kila darasa katika shule yetu hapa Burat lilitia kokoto na maji kidogo ndani ya mitungi yake ya manjano ya maji ya kunywa, kisha wanafunzi wakaitikisa mpaka ukoga wa kijani ukatoka. Mwisho wa muhula, darasa lenye mitungi inayong'aa kuliko yote lilichinjiwa mbuzi.

Ijumaa ya mwisho ya muhula, Asho wa Gredi ya Nane akakataa. Na darasa lake ndilo lililokuwa likiongoza!

"Mwalimu, mimi siweki mawe kwa mtungi," alisema. "Hiyo mawe inakwaruza plastiki, halafu sisi tunakunywa."

"Asho, wacha hiyo maneno!" Nkirote, kiranja wao, alikuwa karibu kulia. "Unataka tukose mbuzi?"

Nikapandwa na hasira. Miaka sita ya kokoto, leo mtoto anifundishe usafi? Nikamwambia mbele ya shule nzima: akinionyesha punje moja tu ya plastiki kutoka mtungini, mbuzi ni wa darasa lake. Akishindwa, darasa lake limetoka mashindanoni.

Asho hakubishana. Aliomba mtungi wa darasa jingine uliotikiswa muda huo huo, akaomba na leso yangu nyeupe, akayachuja yale maji. Juu ya leso ulibaki ukoga, ukabaki mchanga, na katikati yake vumbi la manjano.

"Mchanga huo," nikasema.

"Sawa, mwalimu. Tuchome."

Akachukua sindano, akaipasha moto jikoni. Mchanga ulipoguswa haukubadilika. Vumbi la manjano lilijikunja, likayeyuka, likanata kwenye ncha ya sindano. Na harufu yake! Nani asiyeijua harufu ya mfuko wa plastiki ukiungua?

Niliutazama ule mtungi. Mng'ao niliojisifia miaka yote ulikuwa plastiki iliyokwanguka, na watoto wangu walikuwa wakiimeza. Niliona aibu, sifichi.

"Asho ameshinda!" nikatangaza.

Gredi ya Nane walipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Nkirote sasa alilia kweli, akimning'inia Asho shingoni.

Tulipokuwa tukila nyama, Asho akanijia. "Na mawe, mwalimu?"

Siku hizi mitungi inaoshwa kwa sabuni na brashi za mkonge. Gredi ya Nane walizifunga wenyewe, na kila mwanafunzi akampelekea mama yake moja nyumbani. Kokoto nilizibeba mimi kwa wilbaro, nikazibia shimo la matope pale langoni. Kila asubuhi nazikanyaga nikiingia. Asho akinikuta hapo, hunisalimia kwa heshima zote, macho yake yakicheka, na mimi hucheka naye.