Nywele za Magdalena

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu kanisani ilikuwa kueleza picha. Zilikuwa sita, za zamani, zilizochapwa kwa wino mweusi huko Ulaya, zote za wanawake wanaotubu. Maria Magdalena ndiye aliyenichosha zaidi: amepiga magoti, nywele amezifumua, mbele yake fuvu la mtu. Mimi nilifundisha kwamba fuvu ni ukumbusho wa kifo na nywele ni majuto. Akina mama waliitikia vizuri, kisha wakitoka nje wanaambiana maskini, amefiwa, na kichwa cha mumewe kile pale. Nikaacha kubishana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka wa sitini na tano waasi walikuwa wameshafukuzwa mjini, na askari wa serikali waliwasaka wake za waasi hao. Mwanamke aliyeonekana akimlilia muasi alichukuliwa. Wengine hatukuwaona tena. Padri wetu mpya, asiyejua Lingala wala Kiswahili, akatangaza kwamba waliokuwa wakiishi na waasi waje Jumapili watubu mbele ya watu, naye atawapa cheti cha kuwaonyesha askari. Mimi katekista ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

Ijumaa akaja Élise, niliyemfundisha katekisimu tangu mdogo. Mumewe, Kasongo, alipigwa risasi karibu na daraja la Tshopo, na mwili hakurudishiwa. Alisimama mbele ya Magdalena.

"Papa Hilaire, Jumapili nitakuya na nywele ya kufumua, sawa huyu."

"Ya kutubu?"

"Ya kulia bwana yangu. Miezi mbili naficha machozi. Nimechoka, papa."

"Na padri akikuuliza?"

"Ataniuliza na français, na wewe ndio utageuza maneno."

Nilikasirika. Nilimwambia nina watoto saba, aende zake. Akaenda.

Jumapili akaja miguu mitupu, nywele zimefumuliwa, kichwa chote vumbi. Mlangoni walisimama askari wawili waliojua Lingala tupu, mmoja akitafuna hindi. Padri aliitazama picha ukutani, akamtazama Élise, akafurahi kabisa.

"Muulize," akaniambia kwa Kifaransa, "kama anajuta kumpenda mtu yule."

Sikuwahi kubadilisha neno la padri hata moja. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

"Élise," nikasema, "unamulilia bwana yako?"

"Namulilia, papa." Akaanguka kifudifudi, akalia kwa sauti.

"Anasema ndiyo, mon père," nikamwambia padri.

Akina mama wakaanza kuvua vitambaa vya kichwa, mmoja mmoja, wakashuka kwenye mabenchi wakaketi sakafuni kama matangani. Walilia, kila mmoja na maiti wake. Padri alinishika mkono, macho yamemlowa.

"Tazama, Hilaire. Wanatubu wote."

"Ndiyo, mon père," nikasema, nikaenda kuketi chini pamoja nao.